Safari ya Bagamoyo kwa Ajili ya Jina Moja

Mwezi uliopita nalikwenda Bagamoyo, wala si kwa matembezi, bali kwa ajili ya jina la mtu mmoja aliyekufa zamani. Waalimu wenzangu wameniuliza mara nyingi habari za safari hiyo, nami naona heri niziandike hapa kuliko kuzisimulia baraza kwa baraza. Maana watu wanaotafuta wazee wao katika vitabu vya misioni ni wengi, na wengi wao hurudi mikono mitupu wakisema, "Babu yetu hakuandikwa," ilhali babu yao yumo, ila ameandikwa kwa herufi wasizozitazamia.

Ukitoka Morogoro kwa basi hupita Chalinze, ukafika Msata, na hapo huiacha njia kuu ya kaskazini na kushika njia ya lami iendayo mashariki, yapata kilometa 64 mpaka Bagamoyo. Ni mwendo wa saa chache tu. Nalipokuwa nimeketi dirishani nalikumbuka ya kuwa wazee wa misioni zetu za bara waliikata nchi hii kwa miguu, nyuso zao zikielekea kule nilikotoka mimi. Walikuwa vijana waliokombolewa utumwani, wakalelewa Bagamoyo, wakaoana huko, kisha wakafuatana na Mapadre kwenda kujenga misioni mpya: Mhonda katika milima ya Nguru mwaka 1877, Mandera karibu na mto Wami mwaka 1881, Morogoro mwaka 1882. Basi mtu wa bara anayetafuta chanzo cha ukoo wake mara nyingi hana budi kushuka pwani.

Misioni ya Bagamoyo iko nje kidogo ya mji wa kale. Huingia kwa njia ndefu yenye miembe mikubwa pande zote mbili, na kivuli chake ni kizito hata saa sita mchana. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja wakaanza hapa mwaka 1868, baada ya kufanya kazi Unguja tangu 1863. Upo mbuyu mkubwa ambao kila mgeni huonyeshwa. Husimuliwa ya kuwa mama mmoja Mfaransa, Madame Chevalier, aliyekuwa akiwauguza wagonjwa, aliufunga mnyororo katika mbuyu huo ili amfunge punda wake; mti ukanenepa mwaka baada ya mwaka hata ukaumeza mnyororo, na leo kipande kidogo tu huonekana nje ya gome. Upo tena mnara wa kanisa la zamani, ambamo maiti ya Livingstone ililazwa mwezi Februari 1874, ilipoletwa na watu wake kutoka bara. Nami nalikwenda makaburini. Makaburi ya Mapadre, Mabradha na Masista yamepangwa mistari, na mtu akisoma umri wao hushangaa, maana wengi walikufa vijana kabisa.

Lakini makaburi ya wale waliokombolewa hayasomeki hivyo. Wao jiwe lao ni kitabu.

Yafaa mwalimu ajue jinsi watu hao walivyofika. Wengine walinunuliwa na Mapadre wakiwa watoto katika soko la watumwa la Unguja, kabla soko hilo halijafungwa mwaka 1873. Wengine walikamatwa na manowari za Waingereza zilizokuwa zikiyavizia majahazi ya watumwa baharini, na balozi wa Waingereza akawagawa kwa misioni mbalimbali. Waliyapata ya kuyapata: mwaka 1869 kipindupindu kiliua watu wengi sana pwani, na mwezi Aprili 1872 tufani kubwa ikayabomoa majengo ya Unguja na ya misioni hii pia. Waliosalia walipewa viwanja na mashamba katika kijiji cha Wakristo, na kutoka kijiji hicho ndiko walikotoka wazee wa bara.

Sasa nieleze shauri lililonipeleka. Katika kigango changu kijana mmoja na msichana mmoja walitaka kuoana. Jamaa ya kijana hukaa mlimani, jamaa ya msichana hukaa mtoni. Majina yao ya kweli nayaacha, maana wako hai. Nitatumia jina Faraji, kwa sababu lilikuwa jina la watu wengi waliotoka utumwani, na lapatana na habari yenyewe. Jamaa wa mlimani hujiandika Faraji kwa r. Jamaa wa mtoni hujiandika Falaji kwa l. Kila upande husema ya kuwa mzee wao wa kwanza alikuwa Mkristo wa siku za Mapadre wa kwanza, na jina lake la ubatizo (hili nalo nimelibadili) Fransisko.

Huko mtoni yuko bibi mmoja mjane, amepita miaka 80, naye ni kitukuu cha mzee huyo. Bibi akakataa ndoa. Akasema, "R na l ni ulimi tu. Mzee ni mmoja, damu ni moja, nanyi mwataka kuoza ndugu kwa ndugu." Wa mlimani wakamjibu, "Soma cheti, mama. Herufi ni mbalimbali, basi watu ni mbalimbali." Kwa sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 undugu wa ubavuni huzuia ndoa mpaka watoto wa ndugu wawili, na vijana hawa, hata kama mzee ni mmoja, wangekuwa mbali kuliko hapo. Lakini padre wetu hakupenda watoto waingie katika ndoa bila baraka ya bibi yao, naye akaniambia nikatafute ukweli. Tena watu ambao wazee wao walinyang'anywa ukoo wao wote huushika undugu kwa nguvu kuliko sisi wengine, nami sioni sababu ya kuwacheka.

Basi natazama kwanza neno la wa mlimani, ya kuwa herufi zikitofautiana watu wametofautiana. Neno hilo si kweli hata kidogo. Wazee hawakujiandika wenyewe. Waliandikwa na mgeni, na kila mgeni husikia kwa masikio ya kwao. Mfaransa akisikia u huandika ou, akisikia ch huandika tch, akisikia j huandika dj. Kwake Juma ni Djouma, na Chuma ni Tchouma. Mjerumani huandika ch yetu kwa tsch, j yetu kwa dsch, sh kwa sch, na z mara nyingi kwa s; na akiandika j, yeye huisoma y. Ndiyo sababu katika ramani za Wajerumani wa zamani twaona Udschidschi, Kilimandscharo na Sansibar, na Wafaransa wakaandika Oudjidji na Zanguebar. Hakuna mtu anayedhani ya kuwa kuna miji miwili iitwayo Ujiji. Wazigua nao wameitwa Wazigula, na nchi yao imeandikwa Usegua na Useguha, na bado ni nchi ile ile. Lakini likija jina la babu, twasahau yote hayo na kudai herufi.

Mapadre wa kwanza wa Bagamoyo wana jambo lao tena. Padre Antoine Horner na Padre Étienne Baur walikuwa watu wa Alsace, jimbo ambalo watu wake nyumbani husema lahaja ya Kijerumani, na katika siku za ujana wao shuleni walifundishwa Kifaransa. Basi mtu asishangae akikuta b mahali pa p, au t mahali pa d, katika mwandiko wa watu wa namna hiyo. Wengine walikuwa na masikio mazuri ajabu: Padre Charles Sacleux, aliyekaa pwani hii miaka mingi, ndiye aliyetoa kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa huko Paris mwaka 1939. Lakini si kila padre alikuwa Sacleux, na hati moja ya kuandika Kiswahili haikusimama imara mpaka Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930.

Tena kabla ya sikio la padre kuna mdomo wa msemaji. Mtu aliyezaliwa Uyao hana r katika lugha ya mama yake. Ukimwuliza jina lake, Faraji atakuambia Falaji, na padre huandika alichosikia. Mwaka mwingine mtu huyo huyo hutajwa na jirani yake mtu wa pwani, akaandikwa kwa r. Hapo bibi alikuwa na haki kabisa: r na l ni ulimi tu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwalimu ni huu: lisome jina kwa sauti, tena kwa sauti ya taifa la mwandishi. Jina lianzalo kwa j ulitafute chini ya d. Jina lianzalo kwa ch ulitafute chini ya t. Jina lianzalo kwa m utalikuta pengine limekatwa kwa alama ndogo, kama M'honda. Na mara nyingi faharasa iliyo mwisho wa kitabu imepangwa kwa jina la ubatizo, si kwa jina la nyumbani. Mtu akitafuta Faraji katika f, naye amewekwa chini ya Franciscus, hupata au hukosa kwa bahati tu.

Vitabu hivyo ni vya Kilatini, na Kilatini kina mitego yake. Mtoto huitwa "filius Francisci", maana yake mwana wa Franciscus. Jina hubadilika mwisho wake kwa kanuni ya lugha. Nimekutana na jamaa waliojiandika Fransiski kizazi kizima kwa sababu mtu alinakili neno hilo bila kulielewa. Jacobus aweza kuwa Yakobo wa jamaa hii au James wa jamaa ile. "Annorum circiter 8" maana yake ni umri wa miaka kama 8 hivi. Huyo mtoto alipimwa kwa macho, basi usikatae mtu kwa sababu miaka haipatani kwa miwili au mitatu. Na neno "Mnyasa" lililoandikwa kando ya jina lisikufanye upesi kusema umepata kabila. Pwani waliwaita Wanyasa watu wengi waliotoka pande za ziwa lile, wa lugha mbalimbali.

Liko jambo moja zaidi ambalo wengi hawalijui. Papa Pio X aliamuru mwaka 1907, na amri ikashika tangu Pasaka ya 1908, ya kuwa mtu akifunga ndoa, habari ya ndoa yake iandikwe pia kando ya jina lake katika kitabu cha ubatizo, hata kama alibatizwa misioni nyingine. Basi soma pambizoni kwanza. Maneno mawili madogo ya pambizoni yaweza kukuvusha kutoka pwani hadi bara. Kwa ndoa za kabla ya hapo hakuna daraja hilo, na kazi ni kufuata wasimamizi, mashahidi na wake.

Nami ndivyo nilivyofanya. Kabla ya kushuka Bagamoyo nalikaa siku nne katika misioni moja ya bara, kwa ruhusa ya paroko, nikiwa na kalamu ya risasi tu na mikono iliyonawa. Siku ya kwanza sikutafuta Faraji yeyote. Nalijifunza miandiko. Katika miaka ile palikuwa na waandishi watatu waliofuatana, na hapo ndipo nilipoona jambo lililonifurahisha: wa kwanza aliandika Faradji sikuzote, wa pili Faladji sikuzote, wa tatu Faraji, kama tuandikavyo leo. Herufi zilifuata padre, hazikumfuata mtu. Siku padre alipohama, wakina Faraji wote wa misioni walibadilishwa jina kwa usiku mmoja, wala hapana aliyewaambia.

Basi nikaziacha herufi, nikawatazama watu. Wapo wanawake wawili walioandikwa kuwa mke wa Franciscus huyo. Jamaa zote mbili zilikuwa na habari hiyo, na wazee wa mtoni hulifumbua fumbo kwa kusema ya kuwa mke wa kwanza alikufa, mzee akaoa tena. Watoto wa huku ni wa mke mkubwa, na wa kule ni wa mke wa pili. Maneno hayo yalikuwa na sura ya kweli. Nikakifungua kitabu cha wafu. Nikamwona Franciscus Faladji amezikwa, na mjane wake ametajwa kwa jina, naye ndiye bibi-mzaa-ukoo wa watu wa mtoni. Kisha katika kitabu cha ndoa, miaka miwili na zaidi baada ya maziko hayo, mkono ule ule wa padre umeandika mashahidi wawili wa harusi ya watu wengine, na mmoja wao ni Franciscus Faladji, ametia alama ya msalaba kwa kuwa hajui kuandika. Maiti hasimami ushahidi wa harusi. Walikuwa watu wawili.

Nikarudi nyuma kwa wasimamizi na tarehe, na mambo yakafunguka moja moja. Fransisko wa mlimani alibatizwa mtu mzima, huko huko bara, na padre aliuliza akaandika jina la baba yake na la mama yake, watu wa Uzigua, wapagani. Fransisko wa mtoni katika kitabu cha ndoa ameandikwa "baptizatus in Bagamoyo". Ndipo nikafunga safari niliyoieleza.

Bagamoyo nalipokewa vizuri, nikaketishwa mezani karibu na dirisha. Sikukaa sana. Tarehe nalikuwa nayo kwa kukisia, na jina la msimamizi wake nalilijua kutoka bara, maana msimamizi yule alihama pamoja naye. Ni mistari mitatu tu. Siku ya ubatizo, jina Franciscus, miaka kama 8, Mnyasa, msimamizi, saini ya padre. Jina Faraji halimo kabisa, basi alilipata au alilichukua baadaye. Na mahali pa wazazi pana neno moja, "ignotis", ndiyo kusema hawajulikani.

Naliporudi nilikwenda mtoni kwanza, kabla ya mlimani, nikamsomea bibi niliyoyanakili. Nalidhani atafurahi kwa kuwa shauri limekwisha, lakini hakufurahi. Miaka yote alikuwa akiwahesabu watu wa mlimani kuwa ndugu zake. Katika misiba yao alikwenda kama mfiwa, si kama jirani. Sasa naliwaondoa wote kwa karatasi moja. Akaniuliza, "Na hao wa mlimani, baba yao na mama yao wameandikwa?" Nikasema, "Wameandikwa, bibi." Akasema, "Na mama yake huyu wangu?" Nikamwambia ya kuwa padre hakuandika, kwa sababu mtoto alikuja bila mtu wa kumjua. Akanyamaza kitambo, akichambua maharage mapajani. Kisha akasema, "Miaka minane. Mtoto wa miaka minane hulijua jina la mama yake. Hawakumwuliza, au aliwaambia wakashindwa kuliandika."

Sikuwa na jibu, na hata leo sina. Nimeona watoto wengine wa umri huo katika vitabu, wenye majina ya mama zao, yameandikwa kwa herufi za ajabu zisizosomeka vizuri. Na kila nilionapo moja, namkumbuka bibi, nami hulinakili kama lilivyo, bila kulinyosha kwa hati ya leo. Mtu wa baadaye mwenye kuijua lugha ya kule aweza kulisikia asilolisikia padre. Nawaomba waalimu wafanye hivyo hivyo: andika herufi za kitabu kwanza, na chini yake ndipo uandike unavyodhani linasomwa. Na vyeti vya siku hizi vikiwa na Faraji mahali pamoja na Falaji mahali pengine, usimkubalie karani avifanye vyote kuwa kimoja kabla hujatazama.

Ndoa ilitangazwa kanisani Jumapili tatu. Siku ya kuandika, paroko alimwuliza msichana kama apenda jina la ukoo wake litiwe r, liwe sawa na la mumewe, maana ndiyo hati iliyo sahihi. Bibi alikuwa ameketi nyuma katika benchi, naye ndiye aliyejibu. Alisema liachwe na l yake, kwa sababu ndivyo mzee alivyokuwa akijitaja. Paroko akaandika Falaji.